Muulize Mwenyewe: Shajara ya Wiki ya Mafunzo Mombasa

Jumapili

Tuliondoka Ukunda saa nne asubuhi, mwezeshaji mwenzangu na mimi, kwenda Mombasa kuwafundisha maafisa namna ya kuwahudumia wanawake wenye ulemavu waliofanyiwa ukatili, tukiwa na masanduku mawili ya karatasi, kiti chake cha magurudumu, na mkoba wa vidoli vya kitambaa ambao makanga wa matatu aliutilia shaka kuliko kitu kingine chochote. Alituarifu kwamba kiti kitalipiwa nauli kama mzigo. Mwenzangu, ambaye hutumia maneno machache lakini makali, alimuuliza kama yeye naye hulipia miguu yake kila anapopanda gari. Abiria wakacheka, na madai yakaishia hapo. Nililoliandika katika daftari, hata hivyo, ni jambo lililofuata. Kila alipotaka kujua lolote kuhusu mwenzangu, makanga aliniuliza mimi: "Huyu anashukia wapi? Huyu atakaa mbele?" Mwenzangu alikuwa pale pale, na ndiye aliyeshika pesa za nauli zetu sote wawili.

Likoni tulikuta maji yamekupwa, na maji yakipwa mteremko wa kuingilia feri huwa mkali. Vijana wawili walikikamata kiti bila kuuliza na kukisukuma mbio hadi ndani. Nia yao ilikuwa njema, wala sikuwalaumu, ila mwenzangu aliniambia baadaye, tulipokuwa katikati ya kivuko, kwamba hapendi kufikishwa mahali kabla hajasema anakwenda wapi. Tulifika Tudor adhuhuri, tukala wali wa nazi kwa samaki, tukapanga viti vya ukumbi, tukalala mapema.

Jumatatu

Washiriki ni 22: wengi wao maafisa wa ustawi wa jamii kutoka Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu na Mvita, pamoja na wahamasishaji wa afya ya jamii watano na maafisa wawili wa dawati la jinsia la polisi. Tulianza kwa kuwataka wafungue madaftari yao ya kesi za mwaka uliopita na kuhesabu wanawake wenye ulemavu waliofika kulalamikia ukatili. Wengi walipata sifuri, mmoja akapata wawili. Mama mmoja mtu mzima, mwenye uzoefu mrefu kazini, alisema kwa uhakika kabisa kwamba katika kata yake wanawake hao hawapo.

Jibu hilo lilitula asubuhi nzima, na ilistahili. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Hakuna sababu ya kudhani kwamba ukatili huo huruka mlango wa nyumba yenye mwanamke asiyeona au anayetambaa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, ilhali ile ya 2009 ilikuwa imepata asilimia 3.5, na Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba duniani kote mtu 1 kati ya 6 ana ulemavu mkubwa wa aina fulani. Namna ya kuuliza ilibadilika kati ya sensa hizo mbili, kwa hiyo tarakimu hizo hazilinganishiki moja kwa moja. Lakini yeyote aliyewahi kupita nyumba kwa nyumba Pwani anajua pia habari ya chumba cha nyuma, ambacho mgeni haonyeshwi.

Tuliwafundisha maswali sita yanayotumika katika sensa: je, una ugumu wa kuona hata ukivaa miwani, wa kusikia hata ukitumia kifaa, wa kutembea au kupanda ngazi, wa kukumbuka au kumakinika, wa kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na wa kuwasiliana kwa lugha yako ya kawaida? Uzuri wa maswali haya ni kwamba hayana neno "ulemavu" ndani yake, na mtu ambaye angekana jina hilo hujibu bila haya kwamba ngazi humshinda. Mama yule wa kata isiyokuwa na mtu aliyapitia maswali, akanyamaza, kisha akasema kwamba sasa amewakumbuka wanne.

Mchana tulizungumzia majina, na hapa nilitaka tukae kidogo ingawa ratiba ilinikataza. Lugha yetu imewaweka kiziwi, kipofu, kiwete na kilema katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kisu, lakini hakuna Mswahili anayesema "kiziwi kimekuja". Husema "kiziwi amekuja". Sarufi yenyewe imewarudisha kwa watu. Viziwi wengi hulipenda jina lao na hulitumia kwa fahari, ilhali "bubu" huwachukiza. Wengine hupendelea "mtu asiyeona", wengine hawajali. Nilichowaomba washiriki ni kutobuni jina kwa niaba ya mtu, bali kumuuliza ajiitavyo.

Kisha tukaorodhesha ukatili ambao madaftari yetu hayana safu ya kuuandika. Kiti cha magurudumu kinachofungiwa stoo mpaka mwenyewe atakapokubali neno fulani. Fimbo nyeupe inayovunjwa. Dawa za kifafa zinazotolewa kama zawadi ya utiifu. Kuogeshwa kwa mikono ipitayo mipaka. Sindano ya uzazi wa mpango anayodungwa msichana bila kuambiwa ni ya nini. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa fedha za msaada, ambazo kwa mtu mwenye ulemavu mkubwa mara nyingi hupitia mikononi mwa mlezi na kukomea humo. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inautaja unyanyasaji wa kiuchumi waziwazi, na haimhusu mume peke yake bali jamaa wa nyumba kwa jumla. Nusu ya chumba hawakuwa wamejua hivyo.

Jumanne

Leo ndiyo siku niliyoijia. Tulipanga igizo lisilo na mapambo: mwenzangu ni mteja aliyeletwa na kaka yake, na mshiriki ni afisa wa kumhudumia. Tuliwaalika washiriki sita, mmoja baada ya mwingine, wenzao wakisubiri nje. Wote sita walimsalimu kaka kwanza. Watano wakamuuliza yeye tatizo ni nini. Kaka, ambaye tulikuwa tumemwelekeza awe mpole na mwenye kusaidia sana, alieleza kwamba dada yake "siku hizi hana raha, huenda ni mawazo," na maelezo hayo yakaandikwa kwenye fomu kama maneno ya mteja. Ni afisa mmoja tu, kijana wa Jomvu, aliyevuta kiti akakaa macho yake yakiwa sawa na ya mwenzangu na kusema, "Dada, karibu. Ungependa tuzungumze wapi?"

Sikutaka waone aibu, maana kosa hili si la roho mbaya. Tumelelewa kumheshimu anayemleta mgonjwa. Kumtoa nje mtu aliyembeba nduguye mgongoni kutoka Mtongwe huonekana kama utovu wa adabu. Lakini anayembeba ndiye anayejua njia zake zote, ndiye anayeshika simu yake, ndiye anayetafsiri usemi wake, na ikiwa ndiye anayemdhulumu, basi tumemketisha mshtakiwa kwenye kiti cha shahidi na kumpa chai. Hata kama si yeye, mwanamke hawezi kusimulia aliyotendewa na mjomba mbele ya mtoto wa mjomba.

Tulichokubaliana ni kwamba kutenganisha kuwe utaratibu wa kila mtu, si dalili ya shaka. Afisa aseme tangu mlangoni, kwa sauti ile ile anayoitumia kila siku, "Sisi huzungumza na kila mtu peke yake, kisha tunaonana pamoja," na awe na mwenzake wa kumkaribisha mlezi chai upande wa pili, mbali na dirisha. Ikiwa mlezi anakataa kabisa kutoka, lisiulizwe lolote la hatari siku hiyo. Apangiwe mwanamke sababu nyingine ya kurudi, kama vile kupimwa kiti au kusajiliwa, kwa sababu swali moja la haraka linaweza kumgharimu kipigo usiku.

Zoezi la pili aliliongoza mwalimu asiyeona kutoka Likoni, mama wa makamo mwenye sauti ya kuimba kasida. Yeye aliigiza mteja, na afisa wa kike akamhoji vizuri sana, kwa upole, kwa maswali mafupi. Tulikuwa tumemwomba mshiriki mmoja wa kiume aketi kimya pembeni, awe mume, wala afisa hakumtaja. Baada ya dakika kumi mwalimu aliinua kichwa na kuuliza, "Mwanangu, ni nani mwengine yumo humu?" Afisa alishika mdomo. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaeleza kwamba alikuwa amesikia pumzi ya tatu tangu mwanzo, na kwamba mke halisi angeisikia vivyo hivyo na kufunga kinywa milele. Kwa hiyo: jitambulishe kwa jina na kazi, mweleze chumba kilivyo, mwambie mlango umefungwa au uko wazi, mtaje kila aliyemo, na mtu akiingia au akitoka sema. Akaongeza kwamba asishikwe mkono na kuvutwa. Apewe kiwiko, ashike mwenyewe.

Saa ya mwisho tulifanya zoezi la kungoja. Mwanamke mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuhitaji nusu dakika kutoa neno moja, na afisa mwenye foleni nje humalizia sentensi kwa ajili yake. Tuliwataka wahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kufungua kinywa, na wasipoelewa waseme hawakuelewa badala ya kutikisa kichwa. Kumi ilikuwa ndefu mno kwa wengi. Waulize kwanza, nikawaambia, namna yake ya kusema ndiyo na hapana: huenda ni jicho, huenda ni kidole.

Jumatano

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, tuktuk zikapandisha nauli, na tulianza tukiwa kumi na wanne. Mada ilikuwa viziwi. Mkalimani wetu wa Lugha ya Ishara ya Kenya alifika akiwa ameloa, pamoja na mwezeshaji kiziwi, mwanamke wa Kisauni, ambaye alitushinda wote kwa ucheshi.

Washiriki wengi walikuja wakiamini kwamba tatizo ni kumpata mkalimani tu, na akishapatikana kazi imekwisha. Mwezeshaji alilivunja wazo hilo kwa onyesho. Aliigiza mwanamke ambaye hakupelekwa shule, anayetumia ishara za nyumbani zinazojulikana na mama yake na jirani mmoja, na mkalimani hodari wa lugha rasmi akashindwa kumwelewa mbele yetu. Hapo ndipo anapohitajika mkalimani kiziwi, mtu aliyekulia ndani ya ishara, mwenye uwezo wa kusoma mwili, kuchora na kuigiza, akiupokea ujumbe na kumpa mkalimani anayesikia autoe kwa sauti. Inachukua muda mara mbili, na malipo ya watu wawili. Nililiandika neno "malipo" na kulipigia mstari.

Kuna jambo jingine ambalo mji wetu hulisahau. Jamii ya viziwi Mombasa ni ndogo, na mkalimani anayeletwa kituoni Jumatatu huenda ndiye aliyetafsiri harusi ya mshukiwa Jumamosi. Kwa hiyo manusura aonyeshwe mkalimani kabla hajaanza kueleza chochote, akiwa peke yake, na aulizwe kama anamtaka. Anapozungumza, macho ya afisa yamtazame yeye, si mkalimani. Na jamaa wa nyumbani asitafsiri, hata kama ni saa saba za usiku.

Hata hivyo matibabu hayangoji mkalimani. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Hospitali kuu ya Pwani, ambayo sote tunaiita Makadara, ina kituo cha kuwahudumia manusura, na mtu anaweza kwenda hospitalini kabla ya kwenda polisi. Afisa mmoja wa dawati la jinsia alikiri kwamba bado kuna wenzake wanaowaambia watu walete kwanza fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Simu ya bure ya 1195, ya kuripoti ukatili wa kijinsia, ni msaada kwa anayesikia. Kwa kiziwi namba isiyopokea maandishi ni ukuta. Mwezeshaji alilisema hilo kwa ishara moja tu, akigonga kiganja kwa kiganja.

Tulimalizia kwa vidoli. Mwanamke aelekeze mwenyewe alipoguswa, na asipewe majina ya kuchagua: "Ni baba au ni mjomba?" ni swali litakaloiua kesi, kwa kuwa jibu limekwisha kutiwa kinywani. Maneno yake yaandikwe yalivyo. Mahakama zetu zimezoea kukutana na msemo "alinifanyia tabia mbaya", msemo wa heshima unaoficha kila kitu, na ni kazi ya anayehoji kuuliza taratibu maana yake, si kuutafsiri kwa kubahatisha.

Alhamisi

Tulikwenda Shanzu, ambako mwaka 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua mahakama ya kwanza nchini iliyotengewa kesi za dhuluma za kijinsia. Hatukuingia kusikiliza kesi ya mtu. Tulikaa nje chini ya kivuli, na wakili aliyefuatana nasi akatupitisha katika sheria.

Aliyoyasema yaliwafaa washiriki kuliko mhadhara wangu wowote. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inaruhusu shahidi aliye katika hali ya kudhurika kwa urahisi kutoa ushahidi kupitia mtu wa kati, yaani anayesema kwa niaba yake, na inapowataja wanaoweza kuidhinishwa na mahakama kwa kazi hiyo, afisa wa ustawi wa jamii yumo. Katiba nayo, katika Kifungu cha 50(7), inaipa mahakama uwezo huo huo. Washiriki walitazamana, hakuna aliyewahi kuombwa. Nilitaja, kwa kuwa lilikuwa likinisumbua, kwamba orodha hiyo ina mzazi na jamaa pia, na tunarudi kule kule kwa kaka wa Jumanne. Wakili alikubali kwamba ndiyo sababu afisa anapaswa kumpasha habari mwendesha mashtaka mapema kuhusu uhusiano wa nyumbani, kabla mahakama haijamkubali mtu.

Tulipitia pia Sheria ya Ushahidi. Kifungu cha 126 kinamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au ishara mbele ya mahakama, na kifungu cha 124 kinairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kosa la kujamiiana kwa ushahidi wa manusura peke yake, mradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake. Sheria hizo zipo. Kinachoanguka ni maelezo ya mwanzo, yale yaliyoandikwa siku ya kwanza kutoka kinywani mwa kaka.

Tukiwa njiani kurudi, ndani ya gari, mabishano yalizuka kuhusu wanawake wenye ulemavu wa akili: je, kila uhusiano wao ni dhuluma? Kijana wa Jomvu alisema sheria iwalinde wote. Mwenzangu alimjibu kwamba yeye anamfahamu mwanamke aliyependa na kupendwa, akafungiwa ndani na familia yake kwa jina la ulinzi. Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unadai yote mawili: kulindwa dhidi ya ukatili na kutambuliwa kama mtu mwenye kauli yake. Tulifika Nyali tukiwa hatujakubaliana, na nadhani ni sawa.

Ijumaa

Tulifunga mapema ili waumini wawahi msikitini. Asubuhi kila kikundi kilipewa futi ya kamba na kutumwa kupima ofisi zao wenyewe. Kiti cha mwenzangu kina upana wa sentimita 66, na mlango wa kupita kwa raha unahitaji kama 80. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180, kwa kuwa kila kimo cha 1 kinadai urefu wa 12. Ofisi mbili zilipita. Nyingine ziko ghorofani. Makao salama mamoja, ambayo sitayataja, yaliwaeleza wapimaji wetu kwamba huwa hayampokei mwanamke "asiyejiweza" mpaka aje na mtu wa kumhudumia. Mwenzangu aliuliza kwa utulivu mtu huyo angekuwa nani. Msimamizi alifikiri kidogo, akasema: "Si ndugu zake?"

Kabla ya kuagana washiriki waliiandika upya fomu yao ya mapokezi. Mstari wa kwanza, uliokuwa ukisema "Jina la aliyemleta", wameupeleka ukurasa wa pili. Safu ya maswali sita imeingia, na nyingine ya "Anawasiliana vipi?", na nyingine ya "Nani walikuwamo chumbani?" Mama mtu mzima ndiye aliyeidai safu hiyo ya mwisho.

Jumamosi

Feri ya saa tatu. Maji yalikuwa yamejaa, mteremko mpole, na mwenzangu aliingia kwa mikono yake mwenyewe, nami nikiwa nyuma na sanduku moja tu. Alikuwa ameweka ubao wa kuandikia mapajani na kuanza barua kwa serikali ya kaunti kuomba bajeti ya wakalimani, wale wawili wa Jumatano, kwa mwaka mzima. Tulibishana juu ya kiasi. Mimi nilitaka tuombe cha wastani ili tusikataliwe. Yeye alisema wastani ndio uliotufikisha kwenye mkalimani mmoja wa kuazima. Tulifika ng'ambo ya Likoni nafasi ya tarakimu ikiwa bado tupu.